Jipu la wayo kwa kuku: maswali yenu kuhusu kutibu bila kupasua

Maswali mengi mliyotutumia yanazunguka jambo moja: kuku anachechemea, wayo umevimba, katikati pana doa jeusi, na mwenye kuku hataki kushika wembe. Hilo la wembe tunaliunga mkono kwa moyo wote. Mguu uliowahiwa mapema hupona kwa maji ya uvuguvugu, dawa ya kupaka, bendeji na sakafu kavu. Uliochelewa ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye dawa ya ganzi, si ya meza ya nyumbani. Majibu yetu yanahusu hasa mguu wa kundi la kwanza, na namna ya kujua kuwa umeshahamia kundi la pili.

Kuku wangu anachechemea. Nilipouangalia mguu kwa chini nikaona doa jeusi la mviringo, kubwa kama kifungo cha shati. Ni mwiba au ni ugonjwa?

Yaelekea ni jipu la wayo. Huanza na mchubuko mdogo, mwiba, au ngozi iliyolika kwa kukanyaga pagumu kila siku. Bakteria huingia hapo, na mara nyingi ni *Staphylococcus aureus*, ambaye anaishi kwenye ngozi ya kuku na kwenye matandazo hata kama hakuna anayeumwa. Ngozi hujifunga juu yake kwa kigaga, na maambukizi yanabaki ndani yakiendelea.

Osha mguu kwanza kwa maji na sabuni, kwa sababu kinyesi kilichokauka kinafanana sana na kigaga. Kisha tazama kwenye mwanga mzuri, ukilinganisha na mguu wa pili. Madaktari hupanga ugonjwa huu kwa madaraja 5, na inafaa uyajue. La 1: ngozi ya wayo imekuwa laini na yenye kung'aa, au nyekundu, bila kigaga. La 2: kigaga kipo, uvimbe ni mdogo au haupo. La 3: uvimbe umejaa, ni wa moto, na ndani umeshajengeka usaha mgumu. La 4: maambukizi yamefika kwenye kano na tishu za ndani. La 5: yamefika kwenye mfupa au kwenye kiungo.

Doa la ukubwa wa kifungo bila uvimbe wa kuonekana juu ya mguu ni daraja la 2. Hapo una nafasi nzuri sana ya kumponya bila kupasua.

Jambo moja kabla hujaanza tiba: si kila kuku anayechechemea ana jipu. Angalia kama kuna uzi au unywele uliojiviringisha kwenye kidole, maana huo hukata kidole kizima usipoutoa. Vifundo vya miguu yote miwili vikivimba kwa wakati mmoja, fikiria maambukizi ya viungo kama yale ya *Mycoplasma synoviae*. Na kuku anayelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, wayo ukiwa safi, anaweza kuwa na ugonjwa wa Marek, unaoletwa na virusi na kupoozesha miguu. Hao kuloweka mguu hakuwasaidii, wanahitaji kupimwa.

Nimeminya mara tatu usaha hautoki. Niminye kwa nguvu zaidi?

Hapana, na tafadhali usirudie. Usaha wa ndege si kama wa binadamu. Chembe zake nyeupe za damu hazina vimeng'enya vya kuyeyusha usaha uwe majimaji, kwa hiyo unakauka na kuwa kitu kigumu cha manjano chenye kumeguka, kama kiini cha yai lililochemshwa kupita kiasi. Hakuna kitu cha kutiririka hapo. Ukiminya unapasua ule ukuta ambao mwili umeujenga kuzuia maambukizi, na bakteria wanasukumwa kuelekea kwenye kano zinazopita juu tu ya wayo. Kuku wengi waliokuwa daraja la 2 wamepelekwa daraja la 4 na vidole gumba vya wenye nia njema.

Kwa sababu hiyohiyo, usitarajie chumvi au dawa yoyote ya kupaka iyeyushe kile kiini. Kinachofanyika ni kulainisha ngozi na kigaga, kuua bakteria wa juu, na kuondoa uzito pale panapouma, ili nyama mpya ikue kutoka chini na kukisukuma nje chenyewe. Hilo linachukua siku, wakati mwingine wiki. Jipu dogo hukubali, lililojaa hukataa.

Nielekezeni kuloweka mguu hatua kwa hatua. Chumvi kiasi gani, maji ya joto gani, dakika ngapi?

Andaa kila kitu kabla ya kumshika kuku: beseni, mataulo mawili, glavu, dawa ya kupaka, shashi na bendeji iliyokwisha kukatwa. Kuku mmoja mkononi na mkasi chumba cha pili ndiyo njia ya haraka ya kuharibu kazi.

Weka maji safi ya uvuguvugu, nyuzi 38 hadi 40 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, dondoshea maji upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako: uyasikie vuguvugu, si moto. Tia chumvi ya Epsom, yaani magnesiamu salfeti, vijiko 2 vya chakula vya kusawazishwa kwa kila lita 1, sawa na gramu 30 hivi. Kwa lita 4 ni gramu 120. Koroga mpaka iyeyuke yote. Kina kiwe sentimita 5 hadi 8, cha kufunika vidole na wayo. Mwili hauna haja ya kulowa.

Mviringishie kuku taulo, mabawa yakiwa yamebanwa mwilini, lakini kifua uache huru. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Anavuta hewa kwa kusogeza mfupa wa kidari nje na ndani. Ukikibana kidari, unamziba pumzi hata kama pua ziko wazi. Kwa hiyo mshike kwa ubavuni, msimamishe ndani ya beseni, na ukitaka atulie mfunike kichwa kwa kitambaa chepesi. Wengi husinzia ndani ya dakika mbili.

Muda ni dakika 10 hadi 15. Usimruhusu anywe hayo maji, kwa sababu magnesiamu salfeti inaharisha. Yakipoa, ongeza ya moto pembeni huku ukikoroga, mkono wako ukiwa kati ya mkondo wa maji ya moto na mguu wake. Ukimaliza, kausha kwa kugusisha taulo taratibu, hasa kati ya vidole, ambako unyevu hujificha.

Fanya hivyo mara moja kwa siku. Kigaga kikiwa kinene sana, mara mbili kwa siku 3 za mwanzo. Ukiona ngozi ya wayo imekuwa nyeupe yenye mikunjo kama ya vidole vya mtu aliyefua kutwa, umezidisha. Punguza iwe siku moja kuruka moja. Ngozi iliyochakaa kwa maji ni mlango mpya wa bakteria.

Ambaye hana chumvi ya Epsom asikate tamaa. Chumvi hii haiui vijidudu. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na maji ya uvuguvugu yenyewe, yanayolainisha kigaga na kuongeza damu mguuni. Chumvi ya kawaida gramu 9 kwa lita 1, kama kijiko kimoja na nusu cha chai, nayo inafaa.

Nimeambiwa ayodini, wengine klorheksidini, wengine haidrojeni peroksaidi, wengine asali, na kuna ile dawa nyeusi ya majipu. Nitumie ipi?

Kila moja ina wakati wake, isipokuwa haidrojeni peroksaidi, ambayo hatuishauri kabisa. Lile povu linaridhisha macho, lakini linaunguza chembe changa zinazojaribu kuziba kidonda.

Ya kuoshea: chagua moja kati ya mbili. Povidoni-ayodini ya asilimia 10 ichanganye sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, upate asilimia 1, rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Itumie siku 3 hadi 5, kisha iache, maana ikiendelea sana inachelewesha nyama mpya. Au klorheksidini ya asilimia 2, mililita 25 kwenye maji yatakayofika lita 1, upate asilimia 0.05. Soma chupa kwanza, kwa sababu iko pia ya asilimia 4, ambayo ungehitaji nusu ya hicho kipimo, na nyingine zina sabuni ndani ambayo lazima isuuzwe. Usichanganye dawa hizi mbili, na klorheksidini usiitie kwenye mguu wenye mabaki ya sabuni ya kawaida, kwani sabuni huifuta nguvu.

Ya kulainisha kigaga kisichofunguka: hapa ndipo ile dawa nyeusi ya majipu, iktamoli, inapofaa. Paka tabaka jembamba juu ya kigaga tu, funika, badilisha kila siku. Unaweza pia kutengeneza uji mzito wa sukari na povidoni-ayodini: sehemu 2 za sukari kwa sehemu 1 ya ayodini ya asilimia 10, ukoroge mpaka ufanane na siagi. Sukari huvuta majimaji kutoka kwenye uvimbe na kuwanyima bakteria unyevu wanaouhitaji. Ikishalowana haina kazi tena, kwa hiyo ibadilishe kila baada ya saa 12 hadi 24.

Ya kidonda kilichofunguka: asali safi isiyochanganywa, kiasi cha kujaza shimo bila kumwagika, au marhamu ya antibiotiki ya kawaida. Kwenye marhamu, soma viambato. Zile zilizotiwa dawa ya kutuliza maumivu yenye jina linaloishia na "keini", kama benzokeini au lidokeini, ziache. Mwili wa ndege ni mdogo na ni rahisi kupitisha kipimo. Krimu zenye steroidi nazo ziache, kwani hupunguza uwezo wa mwili kupambana na maambukizi.

Bendeji inatoka kila siku. Nikiikaza, vidole vinavimba. Nakosea wapi?

Tatizo si kukaza. Ni njia inayopita. Bendeji iliyozungushwa duara tu itateleza hata uikaze vipi. Inatakiwa ipite kati ya vidole na kupanda kwenye kigwaya cha mguu, yaani ile sehemu nyembamba yenye magamba juu ya vidole, ili ijizuie yenyewe.

Tumia bendeji inayojishika, isiyo na gundi ya kung'oa ngozi, upana wa sentimita 2.5. Kata urefu wa sentimita 30 hivi, kisha uipasue katikati kwa urefu upate mikanda miwili myembamba. Ivute yote kutoka kwenye roli na kuiachia ijirudi kabla ya kuifunga. Watu wengi wanaifunga ikiwa bado imenyooshwa, nayo inaendelea kujikunja na kubana saa nzima baada ya kuku kuachiwa. Hapo ndipo vidole vinapovimba.

Weka shashi isiyoganda kwenye kidonda, ikunjwe kama sentimita 3 kwa 3. Juu yake weka pete ya sponji yenye unene wa sentimita 1, umbo la ngata, tundu likiwa sawasawa na kigaga. Pete hii ndiyo sehemu ambayo wengi wanairuka, na kwa maoni yetu ina uzito kuliko dawa yoyote iliyotajwa hapo juu: kuku anasimama kutwa, na kila hatua ni kilo mbili au tatu zikikandamiza jipu. Uzito ukihamia kwenye kingo za wayo, damu inafika katikati.

Sasa anzia juu ya mguu. Pitisha mkanda kati ya kidole cha ndani na cha kati, shuka chini ya wayo juu ya sponji, ibuka kati ya cha kati na cha nje, rudi juu. Zungusha mara moja kwenye kigwaya, juu ya kidole cha nyuma, kisha rudia kwa mkanda wa pili ukikatisha wa kwanza. Malizia kigwayani kwa mizunguko miwili iliyolegea. Kuku wengi wana vidole 4, ila Silkie na Dorking wana 5. Hao wapitishie vya nyuma vyote viwili kwa pamoja.

Baada ya saa 1 rudi umshike. Vidole viwe na joto na rangi sawa na vya mguu mwingine. Vikiwa baridi, vyeusi au vimejaa, fungua mara moja. Kumbuka pia kwamba dakika za kwanza kuku atanyanyua mguu juu na kuutikisa kama aliyekanyaga gundi. Hilo ni la kawaida na linaisha.

Siku ya sita kigaga kilitoka chenyewe wakati wa kuloweka, kikiwa na kitu kama punje ngumu chini yake. Sasa kuna shimo. Nimeharibu?

Hujaharibu, umefika pale ulipokuwa unakwenda. Kigaga kilicho tayari hubadilika kutoka weusi kuwa kahawia iliyopauka, kingo zake zinaachana na ngozi pande zote, na ukikigusa kwa shashi iliyolowa kinacheza. Kikiwa hivyo, kusogeza kidogo kwa shashi kunatosha. Kikikataa, au damu ikichuruzika, simama na urudi kesho. Kukibandua kwa nguvu, hata kwa kucha, ni upasuaji usio na ganzi.

Shimo lilivyo sasa, lisafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, gramu 9 kwa lita 1. Vuta mililita 20 kwenye bomba la sindano bila sindano, uyapulize kwa pembeni, yaingie upande mmoja na kutokea mwingine, si kwa kuyasukuma moja kwa moja kwenda chini. Tazama ndani kwa tochi. Nyama ya waridi yenye unyevu ni habari njema. Vipande vya manjano vilivyolegea vitatoka na maji. Vilivyoshika viache, kesho vitakuwa vimelegea zaidi. Harufu mbaya au weusi unaoenea ni dalili ya kumwona daktari.

Jaza asali, weka shashi, ngata ya sponji, bendeji. Kuanzia hapa acha kuloweka, kwa sababu shimo wazi halitaki kukaa kwenye maji ya beseni. Badilisha kila siku kwa siku 5 za kwanza, kisha kila baada ya siku 2. Usiruke siku hizo tano, hasa kipindi cha nzi, maana nzi wanataga mayai kwenye kidonda chenye unyevu na mabuu huanza kazi ndani ya siku moja. Shimo likishajaa na ngozi mpya kavu kufunga juu, ondoa bendeji lakini muweke kwenye matandazo laini wiki moja zaidi. Jumla, kwa daraja la 2, hesabu wiki 2 hadi 3. Kidonge kidogo kigumu kinaweza kubaki chini ya ngozi. Kama si cha moto, hakikui na kuku anakanyaga vizuri, kiache.

Nina antibiotiki ya unga iliyobaki. Niitie kwenye maji ya kunywa ili nisihangaike na bendeji?

Hapana. Kile kiini kigumu hakina mishipa ya damu, na dawa inayosafiri kwa damu haiwezi kufika mahali ambapo damu haifiki. Kuku anayeumwa pia anakunywa kidogo kuliko wenzake, kwa hiyo wazima ndio watakaopata dozi na mgonjwa atapata robo yake. Robo ya dozi haiui bakteria, inawafundisha. *Staphylococcus aureus* ni mwepisi sana wa kujenga usugu.

Antibiotiki zina nafasi yake, hasa maambukizi yakifika kwenye kano au mfupa. Daktari akipata nafasi atachukua sampuli kutoka ndani ya kidonda na kuipeleka maabara ijulikane dawa inayofaa. Atakueleza pia siku za kusubiri kabla ya kula mayai au nyama. Dawa nyingine, kama enrofloksasini, zimepigwa marufuku kwa kuku katika baadhi ya nchi. Kwa maumivu pia muulize yeye. Ana dawa kama meloksikamu anayoipima kwa uzito wa ndege. Usimpe vidonge vyako.

Lini nikubali kwamba njia hii imeshindikana?

Siku ya 10 ikifika na uvimbe uko vilevile au umekua, umeshapata jibu. Kabla ya hapo, usisubiri hata siku moja ukiona uvimbe umepanda juu ya mguu au umefika kwenye kifundo kile ambacho wengi hukiita goti. Vidole vimetengana kwa kusukumwa na uvimbe. Kuku hakanyagi kabisa. Hali chakula, amejikunyata na manyoya yamesimama. Au wayo umejaa, ni wa moto, lakini hakuna kigaga popote. Huo wa mwisho una usaha usio na mlango, na hakuna dawa ya kupaka itakayoufikia.

Pima badala ya kukisia. Funga uzi kuzunguka wayo mahali palepale siku ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10, uunyooshe kwenye rula na uandike. Jicho linalomhurumia kuku huona nafuu ambayo haipo.

Kama daktari atasema apasuliwe, kazi yako haikupotea. Ngozi imelainika, bakteria wa juu wamepungua, na matunzo baada ya hapo ni yaleyale ya bendeji unayoyajua tayari.

Nina kuku tisa na wanne wana vigaga. Inaambukiza?

Si kama mafua, kwamba mmoja akipumua mwingine anaugua. Wanne kati ya tisa maana yake banda linawaumiza wote kwa njia moja, na ukiwatibu ukawarudisha palepale utaanza upya mwezi ujao. Tafuta sababu.

Anza na fito za kulalia. Kuku mzito anayeruka kutoka juu anatua kwa uzito mara kadhaa ya wake. Kwa aina nzito, sentimita 45 kutoka sakafuni inatosha. Kwa nyepesi, 60. Kama huwezi kuzishusha, weka ufito wa kati wa kukanyagia. Acha pia nafasi ya mbele ya kutua, kwa sababu kuku anayelazimika kushuka kwa mteremko mkali kwenye banda finyu hutua vibaya hata kwa kimo kidogo. Ufito uwe na upana wa sentimita 4 hadi 5, kingo zikiwa zimepigwa msasa mpaka kiganja chako kipite bila kukwaruzwa. Waya wa sakafuni ni adui, ufunike.

Kisha matandazo. Chukua konzi, libane, lifungue. Likibaki donge, limelowa na linapaswa kutoka. Likisambaratika taratibu, ni sawa. Maranda makavu ya kina cha sentimita 8 hadi 10 yanapokea mguu vizuri, ila usipuuze pale chini ya chombo cha maji, ambapo ndipo matandazo huoza kwanza. Unyevu ukichanganyika na kinyesi hutoa amonia, nayo hula ngozi ya wayo kabla hata hapajatokea mwiba.

Uzito nao. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari: ukiupata kirahisi ukiwa na nyama pande zote, kuku yuko sawa, ukiutafuta kwenye mafuta, punguza nafaka za ziada. Na usisahau vitamini A, inayolinda ngozi. Mahindi meupe karibu hayana kabisa, na chakula kilichosagwa zamani na kukaa jotoni kinapoteza iliyokuwemo. Majani mabichi ya kila siku husaidia. Vitamini ya chupa usimimine kwa kukisia, kwani A hurundikana kwenye ini na ikizidi inadhuru.

Kagua nyayo zote kila baada ya wiki 2, usiku, wakiwa kwenye fito, kwa tochi hafifu. Hawakimbii na hawapigi kelele.

Miguu ya jogoo wangu ina magamba yaliyoinuka, meupe kama chokaa. Nilipaka mafuta ya taa kama nilivyoshauriwa. Sasa ngozi imekuwa nyekundu.

Huo si jipu la wayo, ni utitiri aitwaye *Knemidocoptes mutans* anayechimba chini ya magamba. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi na kupenya mwilini, na oili chafu ya injini ni mbaya zaidi. Osha leo kwa maji vuguvugu na sabuni laini, na umwache siku 2 ngozi itulie.

Baada ya hapo, loweka dakika 10, sugua kwa mswaki laini kufuata magamba, usiyabandue. Kausha, kisha paka mafuta ya mgando mazito kutoka vidoleni hadi kwenye kifundo, yaingie chini ya kila gamba ili utitiri ukose hewa. Rudia kila baada ya siku 2 au 3 kwa wiki 3 hadi 4, maana utitiri waliobaki chini ya magamba wataendelea kuzaliana. Huyu utitiri huambukiza, kwa hiyo wapake wote na usugue fito. Ukipaka wiki moja ukaacha kwa kuona nafuu, atarudi. Magamba yenyewe yatachukua miezi kunyooka.

Mayai ya kuku anayetibiwa yanalika? Na mimi naweza kuambukizwa?

Kama ni maji ya chumvi na dawa za kuoshea tu, yanalika. Kama amepewa antibiotiki, hata ya kupaka, uliza kwanza muda wa kusubiri. Kuhusu wewe: ndiyo, *Staphylococcus aureus* anaweza kuingia kwenye mchubuko wa mkono wako. Vaa glavu, usitumie sinki la jikoni, choma bendeji zilizotumika au zifunge kwenye mfuko kabla ya kutupa, na nawa kwa sabuni kabla ya kushika mayai.

Bata naye anapata?

Anapata, na kwake sababu kubwa ni ardhi ngumu na kavu pamoja na kukosa maji ya kuogelea. Matibabu ni yaleyale, ila bendeji yake italowana, kwa hiyo muweke pakavu kwa siku za kidonda kilicho wazi, akiwa na chombo chenye kina cha kuzamisha kichwa tu. Kidonda kikifunga, mrudishe majini: akielea, wayo haubebi kitu.